Matanga ya Mtini

Ukitaka kumchokoza Theodosia, mwulize tu: "Mama Gisa, ule msiba wa mti uliishaje?" Atakurushia kitambaa cha jikoni, kisha atavuta kiti akusimulie mwenyewe tangu mwanzo, maana habari hiyo anaipenda kuliko anavyokubali. Mimi nitaisimulia kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi, au nikitia ni ya kukolea tu.

Ilianza vuli yao ya kwanza Buffalo. Theodosia na mumewe Medard walikuwa Warundi waliobebwa mgongoni kuvuka mpaka, wakakulia kambini Kigoma, wakazaa huko huko, na walipofika Marekani wakapangishiwa ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao katika mtaa mdogo unaotokea Grant Street. Jirani yao alikuwa bibi Mwitaliano, Giuseppina, ambaye kila mtu alimwita Pina. Zamani mtaa mzima ulikuwa wa Waitaliano, kuanzia waoka mikate hadi mafundi viatu. Walipojaliwa walihamia nje ya mji kwenye bustani za nyasi, nyumba moja baada ya nyingine, na waliobaki walikuwa Pina na wazee wawili wenye kofia.

Jumamosi moja ya Novemba, baridi imeanza kuuma masikio, Theodosia alikuwa akiosha vyombo, akatazama dirishani. Uani kwa jirani, Pina na wale wazee wawili walikuwa wamechimba shimo refu kupita urefu wa mtu. Kando yake kulikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi na kufungwa kamba. Wakakilaza shimoni polepole, kwa adabu zote. Mzee mmoja akavua kofia. Wakafunika kwa mbao, wakarudishia udongo, na Pina akafanya ishara ya msalaba.

"Baba Gisa!" Theodosia alipiga kelele. "Wamezika mtu uani!"

Medard alikuja na kijiko mkononi. "Marekani hawaziki uani, mama. Kuna sheria."

"Sheria gani? Nimeona kwa macho yangu haya. Tena watu watatu tu! Hata wa kuimba hakuna."

Hilo ndilo lililomkera. Kwamba huenda jirani ameua mtu, wazo hilo halikumpitia kabisa. Lililomuuma ni bibi mzima kufiwa halafu jioni inaingia hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kukaa naye. Akabandika maharage, akachemsha ndizi, akawapigia simu Warundi wote aliowajua Buffalo, ambao wakati huo waliweza kujaa kwenye sebule moja. Kabla giza halijaingia walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa Pina, wanawake na vitenge vyao mabegani, wanaume wamevua kofia.

Pina alifungua mlango akakuta kundi la watu asiowajua, wenye nyuso za huzuni na sufuria. Sijui mwingine angefanyaje. Yeye aliwakaribisha ndani, akaweka kahawa jikoni. Wageni wakaketi, kiti kilipokosekana wakakaa sakafuni, wakashika tama, kimya, kama inavyopaswa. Kimya hicho kikakaa, kikakaa. Wale wazee wenye kofia wakaanza kutazamana. Mwishowe Theodosia akamsukuma bintiye Gisa, aliyekuwa ameanza kuokota Kiingereza shuleni, amwulize bibi marehemu alikuwa nani.

"Marehemu yupi?" akauliza Pina.

"Uliyemzika."

Pina aliwatazama wote, mmoja mmoja. Akaenda kabatini akatoa chupa ya jamu ya tini, akaigonga kwa ukucha, akaonyesha uani, akainua mikono juu na kufungua vidole kama majani. Ulikuwa mti. Mtini alioupanda baba yake, kutokana na kijiti alichokuja nacho kutoka Sisilia, na kwa kuwa baridi ya Buffalo ingeuua, kila Novemba walikata mizizi ya upande mmoja, wakauinamisha, wakaufukia, na kuufukua majira ya kuchipua. Gisa alipomaliza kutafsiri, mtu mmoja nyuma akaguna. Kisha Pina akacheka. Alicheka mpaka akashikilia jiko asianguke, na wazee nao wakacheka, na Warundi, ambao hadi hapo walikuwa wanatafuta pa kuficha sura, wakapasuka vicheko. Theodosia alitamani sakafu immeze pamoja na maharage yake.

Lakini Pina alipofuta machozi alisema jambo jingine, na Gisa akalitafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema msiondoke. Anasema wafu wapo wengi tu mtaa huu, na hakuna aliyewahi kuja kuwakalia."

Akavuta kiti chake cha jikoni, cha mbao, kilichopakwa rangi ya njano, akaanza kuwataja nyumba kwa nyumba. Calogero mwoka mikate, aliyepiga mluzi alfajiri hata watu wakamrushia viatu. Dada wawili wa ukoo wa Incardona walioshona magauni ya harusi ya nusu ya mji, na ambao waligombania jiko wakanuniana miaka wakiwa chumba kimoja. Totò aliyefuga njiwa darini na kupiga kodiani. Warundi walisikiliza kwa heshima zote, wakala, wakaimba wimbo wa kuaga. Basi ndivyo desturi ilivyozaliwa. Kila Novemba walifukia mtini wakakaa matanga ya mtaa, na kila baada ya Pasaka waliufukua, wakaanua matanga kwa tambi za Pina na ndizi za Theodosia, na kelele zikasikika hadi Grant Street.

Wale wazee wenye kofia nao walikwenda zao, wakaingizwa kwenye majina. Na Januari mwaka huu, akiwa amepita miaka tisini, akafuata Pina.

Sasa ndipo shida ilipoanza. Novemba iliyotangulia Pina alikuwa tayari kitandani hospitali, na Theodosia na Medard waliufukia mtini peke yao, yeye akiwaelekeza kwa simu kwa ukali wa kamanda. Hakuna mwingine aliyejua kwamba uko hapo chini. Mwanawe wa pekee, Dominic, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na ushee, alihamia Columbus, Ohio, ujanani na kuota mizizi huko. Aliiuza nyumba kwa Hyacinthe, Mkongo mwenye duka la unga wa muhogo na samaki wa kukausha kwenye Grant Street, na siku moja ya Machi Hyacinthe alisimama uani, akapiga teke lile tuta la udongo lenye mabaki ya zulia pembeni, akamwita Theodosia kupitia uzio.

"Maman Gisa! Bon, hii buchafu yote nitaitosha, nitaitupa. Nataka kutia beton hapa, donc gari yangu ya duka ipate fasi."

Zege juu ya mtini wa Bibi Pina! Theodosia akauliza: "Lini?"

"Mukubwa ya nyumba akinipa ufunguo. Siku moja tu ya kazi, njo inaisha."

Akarudi ndani, akakaa, akasimama, akakaa tena. Medard alikuwa anafunga viatu aende kiwandani.

"Mwambie Hyacinthe kuna mti," alisema Medard. "Au mpigie Dominic umwombe. Maneno mawili tu, yameisha."

"Siombi. Matanga ya Bibi Pina hayajaanuliwa. Mali ya marehemu inaombwaje watu wangali wanalia?"

Mnaomfahamu Theodosia mnajua hapo hakuna wa kumsogeza. Kwa watu wa kwao, mtu akifa vitu vyake havigawanywi wala haviombwi mpaka siku ya kuanua matanga, ile Warundi waiitayo kuganduka. Siku hiyo ndugu na majirani hukusanyika, wakala na kunywa, kisha mrithi husimama na kusema: hiki cha fulani, hiki cha fulani. Na yule atakayeshika nafasi ya marehemu huketishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu wote. Kuomba kabla ya siku hiyo ni ulafi. Hata kuomba siku yenyewe ni aibu. Unangoja kutajwa.

Kwa hiyo Theodosia, aliyetaka mtini ule kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu afike Marekani, akaamua kuanua matanga ya Bibi Pina pale pale uani kwa marehemu, amwite Dominic, na kungoja atajwe. Kwamba Dominic ni Mmarekani ambaye hajawahi kusikia neno kuganduka, hilo Medard alimkumbusha. Alimkumbusha mara ya pili akiwa mlangoni, na kitambaa cha jikoni kikamfuata.

Dominic macho yake yalikuwa hayamruhusu tena kuendesha safari ndefu. Theodosia akampigia kaka yake Zenoni, aliyekaa Shively, kule Louisville. "Ukija na gari, pita Columbus umchukue. Mrithi haji peke yake kwenye matanga ya mama yake. Ila usimtajie mti."

"Dada, safari yote hiyo nisimtajie?"

"Ukitaja wewe nimeomba mimi. Zungumza habari nyingine. Huishiwi habari."

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka gari la Zenoni likaingia mtaani likipiga honi tangu kona. Akashuka Zenoni, akashuka mkewe Spés, akashuka Gisa, ambaye sasa ni mtu mzima na ana nyumba yake Highview, huko huko Louisville, wakashuka waimbaji wawili wa kwaya yao ya Louisville na sufuria zilizofungwa vitenge. Wa mwisho akashuka Dominic, mrefu, mwembamba, mwenye nyusi nzito za mama yake, kakumbatia kikapu cha mandazi aliyolazimishwa kula tangu Ohio.

"Asante sana," alimwambia Theodosia kwa Kiswahili, akijivunia. Kisha kwa Kiingereza: "Kaka yako Zenoni kanifundisha. Pia nimeimba. Sijui nimeimba nini."

Zenoni alimvuta dada yake kando. Uso wake ulikuwa umechoka kwa ukimya. "Nimejikaza kisabuni, dada. Amenisimulia habari za huo mti tangu tulipopita Cleveland. Mimi namjibu habari za bei ya petroli! Sitakaa nifanye kazi kama hii tena."

"Amesema nini?"

"Mwulize mwenyewe."

Theodosia hakuwa na haja ya kumwuliza. Alimkuta jikoni kwa Pina. Nyumba ilikuwa tupu, vitu vilikwisha kutolewa sadaka kanisani, na kilichobaki ni kile kiti cha njano ambacho Dominic alitaka kurudi nacho Columbus. Alikuwa amesimama ameupa mgongo mlango wa uani.

"Sitaki kutazama huko," alisema. "Novemba mama alikuwa hospitali na mimi nilikuwa nimetoka kupasuliwa jicho. Alinipigia akaniambia mtini, mtini, nikamwambia mama, pumzika. Najua baridi imeumaliza. Niliukalia miaka yangu yote ya utoto, na nimeuacha ufe. Afadhali nimkabidhi mnunuzi ufunguo niende."

Theodosia alijaa furaha hata akaogopa itamtoka mdomoni. Lakini hofu nayo ilikuwepo, maana kabla ya Novemba ile hakuwahi kuufukia bila Pina kusimama juu yake, na kama maji yaliingia, chini ya zile mbao kulikuwa na kuni tu. Akamshika mkono mzee yule kama anavyoshikwa mfiwa.

"Njoo nje," alisema. "Watu wanakusubiri."

Uani Medard alikuwa amekwisha kutoa udongo kwa beleshi. Theluji ya mwisho ilikuwa imebaki kivulini mwa uzio, chafu na ndogo. Zenoni na waimbaji waliinua mbao. Likatoka zulia la sebuleni la Pina lenye maua, halafu turubai, kwa kuwa Theodosia na Medard, waliolelewa chini ya turubai, hawawezi kukilinda kitu chochote bila turubai. Halafu magunia. Dominic alikuwa amesimama ngazini. Medard akafunga kamba, akahesabu, na wanaume wakavuta polepole, Theodosia akiwafokea vile vile alivyofokewa na Pina: "Msiuvunje! Taratibu! Mshikilieni shingo!"

Mtini ukainuka. Ulikuwa wa kijivu, mtupu, matawi yamejikunja kwa kulala, udongo unadondoka. Medard akaukanyagia mizizi. Hakuna aliyejua kama umeinuka mzima au umeinuka maiti.

Dominic aliteremka ngazi. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akashika shina, akalikwangua kwa ukucha wa kidole gumba kama alivyofundishwa na babu yake. Akasogeza jicho lake zima karibu. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto.

"Kijani," alisema. "Kijani! Uko hai!"

Spés akapiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyemsikia mwenzake. Dominic alilia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia Medard na beleshi lake, akamkumbatia Zenoni, akamwambia, "Nawe ulijua! Ulinieleza petroli!" Theodosia alikuwa analia waziwazi, hakujificha.

Katikati ya shangwe hizo akaingia Hyacinthe kuchukua ufunguo, amevaa koti la heshima. Akatazama mti ambao asubuhi haukuwepo, akatazama tuta lake, likiwa sasa shimo.

"Ee Mungu wangu. Kumbe iko muti?" Akamgeukia Theodosia. "Wee maman, unanificha kitu kama hii? Miye nilikuwa natia beton juu ya muti muzima!"

"Keti ule kwanza," alisema Theodosia, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la maswali magumu.

Wakala. Palikuwa na ndizi na maharage, sambusa za Spés, dagaa, na tambi zilizonyunyiziwa chenga za mkate zilizokaangwa, kama alivyopika Pina. Na walipokwisha kula, wakanyamaza, wote wakamtazama Dominic. Ulikuwa wakati wake wa kusimama na kusema.

Dominic aliona anatazamwa. Akadhani hajala vya kutosha, akajipakulia tena. Wakamngoja. Akamaliza, wakamtazama. Akadhani wanasubiri asifu chakula, akasifu sana, hasa dagaa, na watu wakaitikia "asante" na kuendelea kumtazama. Akajipakulia mara nyingine, safari hii taratibu, na jasho likimtoka.

"Mama, please, just tell him," Gisa alinong'ona.

"Nyamaza. Atasema."

"He doesn't know!"

Theodosia alishika sufuria kubwa kwa mikono miwili, akasimama nayo kando ya mtini, maana kukaa alikuwa hawezi. Alimwona Hyacinthe akipima uwanja kwa jicho, huku mpaka huku. Moyo wake ukaanza kukata tamaa. Alijiambia kwamba ni mti tu, kwamba amezika na kuacha vikubwa kuliko huo. Haikumsaidia.

Ndipo Dominic, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mwisho, akasimama.

"Mama aliniambia mkiufukua huwa mnataja watu wa mtaa," alisema. "Labda ndilo mnalolingoja. Nitajaribu, ingawa ni zamani." Akaelekeza mkono nyumba ya kona. "Pale, Calogero. Mikate. Alipiga mluzi." Watu wakaitikia kwa kelele. "Pale dada wa Incardona na jiko lao. Pale Totò na njiwa. Pale..." Akakwama. Alikuwa akiitazama ghorofa ya juu ya nyumba ya mlango mwekundu. "Palikuwa na mama. Alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba, tunamwekea mkate, anavuta. Alinirushia pipi. Nilimpenda sana, na jina lake limenipotea."

"Filomena," alisema Theodosia.

"Filomena!" Dominic akajipiga paji la uso. "Na mumewe..."

"Gaspare. Wa reli. Mguu wake mmoja mfupi."

"Na nyumba ile ya pili?"

"Kinyozi, Nunzio. Alikunyoa siku ya komunyo yako ya kwanza akakukata sikio, mama yako akamfukuza na ufagio hadi kanisani."

Dominic aligusa sikio lake, akacheka hadi akaketi. Akauliza nyumba nyingine, Theodosia akajibu. Yeye akakumbuka nyingine, Theodosia akaongezea. Waliendelea hivyo kulia na kushoto kwa mtaa, huyu akitoa jina, yule akitoa vituko, na Warundi waliokwisha kuzisikia hadithi hizo wakidakia mwisho kabla haujafika. Hata Hyacinthe aliacha kupima. Walipofika dirisha la jikoni la Pina, Theodosia akasema, "Na hapo, kila mwezi wa nane, tini la kwanza kuiva aliliweka. Hakulila. Halikuliwa na mtu. Lilikauka pale pale. Nilimwuliza kwa nini analiharibu, akaniambia: hilo la Dominic, akipita."

Dominic akainuka. Aliingia ndani. Watu wakadhani ameumia, Medard akamtazama mkewe kwa jicho la kumlaumu. Lakini mzee alitoka tena, akiwa amebeba kile kiti cha njano, akakivusha tope, akakiweka chini ya matawi, akaipokea sufuria mikononi mwa Theodosia.

"Kaa," alisema. "Umesimama tangu nimefika, na hadithi hizi ndefu. Mama alikuwa anazisema akiwa amekaa." Akamshika mabega, akamketisha.

Theodosia mwenyewe aliduwaa, mikono magotini, hajui apumue au asipumue. Halafu Spés akarusha mikono juu, kigelegele kikapaa, waimbaji wakaanzisha wimbo na makofi, Zenoni akarukaruka tope likamchafua hadi kifuani, Gisa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Medard alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, wima kabisa.

"Nimefanya nini?" Dominic aliuliza, sufuria bado kaikumbatia.

Zenoni, aliyefunguliwa mdomo hatimaye, alimweleza yote kwa pumzi moja: matanga, mrithi, kiti, na kwamba walikuwa wamemkodolea macho mchana kutwa wakingoja jambo hilo hilo.

"Nilidhani mnataka nile!"

"Na umekula vizuri. Ila sasa umekwisha sema. Dada yangu ameshika nafasi ya mama yako mtaani."

Dominic alitazama kiti alichokifuata kutoka Columbus. Akamtazama aliyeketi juu yake. Alikuwa na haki ya kucheka na kusema hakujua, na Theodosia, nimeambiwa na yeye mwenyewe, alikuwa tayari kuinuka.

"Basi vizuri," alisema Dominic. "Nisingejua hata kama mngeniuliza, lakini ni yeye hasa. Na mtini?"

"Mtini unafuata kiti," alisema Zenoni, kama hakimu.

Wote wakamgeukia Hyacinthe, kwa macho yale yale waliyomtazama nayo Dominic. Yeye hakuhitaji tafsiri.

"Musiniangalie hivyo," alisema. "Bon. Nani anaweza kutia beton juu ya muti ya maman mwenye kukaa kwa kiti? Miye siko mujinga. Gari italala ku barabara." Akajipakulia sambusa. "Lakini tini nitakula."

Wimbo ukazidi. Waliacha kucheza baridi iliporudi, na hata hapo ni kwa sababu Zenoni alikuwa na kazi ghalani Jumatatu na njia ni ndefu. Kabla hawajaagana Theodosia, akiwa bado kwenye kiti cha njano, aliinua mkono watu wakanyamaza. Akaelekeza nyumba tupu nyuma yake.

"Na hapa," alisema, "Giuseppina. Alifungua mlango."

Wakaitikia kwa sauti moja, na jina la Pina likaingia pamoja na majina aliyoyatunza. Dominic aliitikia kuliko wote.

Alipopanda gari alikuwa mikono mitupu, isipokuwa kikapu cha mandazi. Akashusha kioo.

"Novemba nije na beleshi?"

"Uje nalo. Na uje mwezi wa nane," alisema Theodosia. "Tini la kwanza nitaliweka dirishani kwangu. Ila mimi si mama yako. Usipokuja, nalila."